Una soriasisi, na moyo je? Daktari wa ngozi, dispensari ya karibu, mtu wa kukufuatilia au daftari lako: ipi ikufae

Mwaka juzi amiangu alipimwa presha kwa mara ya kwanza maishani mwake, na ana miaka 56. Si kwamba hajawahi kuingia hospitali, ameingia sana, ila kila akiambiwa akunje mkono wa kanzu alikuwa anajibu yeye presha hana, amekuja kwa jino, au amekuja kumsindikiza mtu tu. Siku hiyo nlikuwa naye. Sista akamfunga ile mashine juu ya kiwiko, pale pale palipojaa magamba, na ilipoanza kubana yakadondoka mezani meupe kama machicha ya nazi, na ami akayafagia kwa kiganja haraka haraka akayatia mfukoni mwa kanzu, asiyaache kwenye meza ya mtu. Sista hakusema kitu. Alimfungua, akachukua mkono wa pili ulokuwa na nafuu, akamwambia "Mzee wangu tulia, tusizungumze, miguu yote miwili chini." Ikatoka 168 kwa 102. Akamwacha dakika tano akapima tena, 164 kwa 100.

Miaka 20 na kitu ami ana soriasisi na muda wote huo sisi nyumbani tulikuwa tunaangalia ngozi. Dawa za kupaka, maji ya bahari, jua la asubuhi, habasoda, na kugombana na wale walokuwa wakinong'ona barazani kwamba ni ukoma au ni choa sugu, wakati soriasisi haiambukizi, hata ukila naye sinia moja. Moyo hakuna aloutaja. Na moyo ndio ulokuwa unaharibika kimya kimya.

Kwa ufupi ni hivi. Kinga ya mwili inawaka bila adui, ngozi inazaliwa mbio kuliko inavotakiwa ndio yale magamba, na ule moto haukai juu ya ngozi peke yake, unazunguka na damu mpaka kwenye kuta za mishipa, ile mishipa inayolisha moyo. Juu ya hapo watu wenye soriasisi wengi wao wana presha, sukari, uzito na mafuta ya damu kuliko wenzao. Utafiti mkubwa wa Uingereza ulotoka 2006 ulionyesha mtu wa miaka 30 mwenye soriasisi kali ana hatari ya shambulio la moyo kama mara 3 ya mwenzake wa umri huo asiye nayo. Kwa wa miaka 60 ongezeko lilikuwa dogo zaidi, kama asilimia 36. Skizeni vizuri hapo, ni vijana ndio pengo lao lilikuwa kubwa, na vijana ndio hakuna anayefikiria kuwapima. Shirika la Afya Duniani, WHO, 2014 lilipitisha azimio kuhusu soriasisi na 2016 likatoa ripoti nzima, kwa hivo hili si jambo la juzi.

Sasa tatizo letu sisi wa Lamu na jirani zetu wa Malindi si kwamba hakuna vipimo. Mashine ya presha iko karibu kila pembe. Tatizo ni kwamba ngozi iko kwa mtu mmoja, presha kwa mwengine, damu inatolewa kwengine kabisa, na hawa watu hawazungumzi, na wewe katikati una faili chini ya kwapa. Kuna njia nne za kuliunganisha hili jambo, zote nimeziona kwa macho, na swali nnalotaka ujiulize kwa kila moja ni hili moja tu: majibu ya damu yakitoka, nani atayasoma na nani atakupigia simu?

Daktari wa ngozi abebe yote

Hii ina uzuri wake mkubwa ambao nliuelewa baada ya ile siku ya mashine. Kwa daktari wa ngozi ami keshavua, mkono uko wazi, haya zimekwisha, hapo kumfunga mashine ya presha si kazi. Mahali pengine popote anaficha. Halafu yule daktari ndiye anayejua soriasisi imekamata kiasi gani, na kiasi ndicho kinachobadilisha hesabu. Kiganja chako pamoja na vidole ni kama asilimia 1 ya mwili. Ukijipima viganja ukapata zaidi ya 10, au kama umefika kiwango cha kuhitaji vidonge, sindano au mwanga, muongozo wa Marekani wa 2019 wa madaktari wa ngozi unaruhusu ile hatari ya moyo ilohesabiwa izidishwe mara 1.5. Yaani kama hesabu ya kawaida imetoa 8 kwa 100 katika miaka 10, wewe uhesabiwe 12. Chati za moyo za WHO za 2019, hizi ambazo zina ukurasa wetu kabisa wa Afrika Mashariki, zinauliza umri, sigara, presha, sukari, kolesteroli, na kama hakuna maabara zinatumia uzito na urefu, lakini soriasisi haimo ndani yake, kwa hivo usipoitaja haihesabiwi.

Na kama unatumia methotreksati, dawa ya soriasisi ya kutuliza kinga ya mwili, utatolewa damu kila baada ya muda kuangalia ini na chembe za damu, basi ile ile sindano itoe na kolesteroli na sukari. Kolesteroli kwa kawaida haihitaji hata kushinda na njaa. Sindano moja, safari moja.

Ubaya wake ni bahari na barabara. Kwetu Lamu safari ya daktari wa ngozi mara nyingi ni ya Mombasa, boti mpaka Mokowe, basi kupitia Witu na Garsen, siku nzima imekwenda na ya kurudi ni nyengine. Dawa ya presha haianzwi siku moja ikaisha, unaanza, unarudi baada ya wiki kadhaa, inaongezwa, unarudi tena. Ni nani atafanya hivo kwa njia hiyo? Ami alifanya mara mbili, ya tatu akasema "Mwanangu, mgongo hauwezi." Mtu wa Malindi matatu ya Mombasa ni masaa mawili matatu, anaweza kusema naihimili, na kama ni mtu wa soriasisi kali mwenye dawa nzito mimi ningemwambia ajitahidi angalau mwaka wa kwanza.

Jambo jengine, madaktari wa ngozi wenyewe hawajazoea. Marekani waliwauliza, wengi wakakubali kwamba kupima mafuta ya damu wanaweza, ila ikifika kuandika statini, hizi dawa za kushusha kolesteroli, waliokubali wakapungua sana. Si uvivu, mtu hushika alichofundishwa. Kwa hivo hata ukichagua njia hii muulize kwa uwazi kabisa, "Daktari, mafuta yakiwa juu utanianzisha dawa wewe au utanipeleka kwa mwengine?" Akikwambia mwengine, bas ushaingia njia ya pili, ijue mapema.

Daktari wa ngozi apime na aandike, wa karibu atibu

Hii ndio njia ya watu wengi na ndio nnayoipenda mimi kwa mtu wa visiwani, lakini inakufa au inaishi kwa karatasi moja.

Uzuri wake unaonekana. Klinikal ofisa wa karibu yuko kila siku, dawa za presha ni za kawaida, kituo cha ngazi ya 2 na ya 3, yaani dispensari na kituo cha afya, ukiwa umejisajili SHA, bima ya afya ya serikali, huduma ya msingi inalipiwa na mfuko, na kurudi kila mwezi ni mwendo wa miguu au boti fupi. Presha na sukari ndio kazi yake ya kila siku, ana mkono mwepesi kuliko mtaalamu yeyote.

Ubaya, hajui ngozi yako, na hapa nitakaa kidogo maana tuliumia.

Baada ya zile 168, ami alipelekwa hospitali moja akaandikiwa atenololi. Dawa nzuri ya presha kwa watu wengi, na presha ilishuka kweli. Lakini hakuna alomuuliza ami kuhusu ngozi, siku hiyo alivaa mikono mirefu na kofia, na ami hajisemei. Mwezi na nusu baadaye mgongo ulikuwa umewaka wote, shuka asubuhi ilikuwa inakung'utwa nje ya dirisha, usiku hageuki. Tukadhani ni samaki, tukadhani ni hasira, tukamkataza pweza wa nazi anayempenda bure tu. Mpaka safari ya Mombasa daktari wa ngozi akauliza swali moja, "Kuna dawa gani mpya?" Zile dawa za presha za kundi la atenololi na propranololi zinaweza kuchochea soriasisi kwa baadhi ya watu. Akaandika barua abadilishwe, akapewa amlodipini, na ile ya kwanza ikapunguzwa pole pole, maana dawa za kundi hilo kuziacha ghafla kunaweza kuuumiza moyo wenyewe. Kwa hivo ukisoma hapa ukaona unameza atenololi na una soriasisi, usiitupe, nenda ukaulize. Kuna wengine wanaihitaji kwa sababu ya moyo na ngozi haiwasumbui kabisa.

Na si hiyo peke yake. Anayetumia methotreksati akipewa Septrin kwa kikohozi au mkojo anaweza kupata madhara makubwa ya damu, chembe zikashuka, hiyo ni hatari ya kweli na Septrin ni dawa inayotolewa haraka sana. Diklofenaki na ibuprofeni za viungo zinapandisha presha na zinaulemea moyo, na watu wenye soriasisi mpaka 3 katika 10 wanapata na ugonjwa wa viungo, kwa hivo wanazimeza kama njugu. Sikilosporini inasafisha ngozi vizuri lakini inapandisha presha na kugusa figo. Asitretini, dawa nyengine ya soriasisi, inapandisha mafuta ya damu. Prednisoloni na zile sindano za "kukausha ngozi" zinazochomwa madukani, ngozi inang'aa wiki mbili halafu ukiacha inarudi kwa hasira, saa zingine na usaha mwili mzima, na kwa wakati huo sukari na presha zishapanda. Hili la sindano naomba sana tuambiane majumbani.

Unaona basi kila dawa ya upande huu ina mkia upande ule. Ndio maana barua. Tuloitumia sisi, daktari wa ngozi aliiandika kwa mkono nusu ukurasa, na nliipiga picha kwenye simu kabla haijatoka mfukoni, ilikuwa hivi:

"Mgonjwa ana soriasisi ya kiwango cha kati hadi kali, anatumia methotreksati 15 mg MARA MOJA KWA WIKI, siku ya Jumanne, na foliki asidi. Naomba umtibu presha na umpime sukari na mafuta. Hatari yake ya moyo ni kubwa kuliko chati inavyoonyesha. Statini anaweza kutumia. Tafadhali epuka Septrin, epuka prednisoloni, na dawa za kundi la atenololi kama si lazima. Majibu ya ini nitumiwe."

Mistari hiyo michache imefanya kazi kuliko safari tatu. Hayo maneno mara moja kwa wiki aliyaandika kwa herufi kubwa kwa sababu methotreksati ya soriasisi ikimezwa kila siku kwa makosa inaua, wala sisemi kwa kutisha. Na kitu kimoja ambacho watu huchanganya, wanadhani kwa vile methotreksati inazima moto wa ndani bas na moyo umekingwa. La. Utafiti mkubwa ulotoka 2019 uliwapa methotreksati ya kiwango kidogo watu wenye ugonjwa wa mishipa ya moyo na haikupunguza mashambulio ya moyo. Ngozi ikitulia, iwe kwa dawa iwe kwa jua na bahari, presha bado inataka dawa yake na kolesteroli statini yake.

Mtu mmoja wa kukufuatilia

Wazo hili Marekani wanalijaribu sasa, kwamba kuwe na mratibu mmoja, si lazima awe daktari, kazi yake ni kukupigia, kukueleza namba zako zina maana gani, kuhakikisha umefika kwa daktari wa karibu na dawa imeandikwa, na daktari wa ngozi amejua. Wao wana ofisi na simu za kukaa mezani. Sisi hatuna cheo hicho, lakini kazi tunayo na watu wa kuifanya tunao, ni kuwaomba tu.

Ntakwambia kwa nini nnaiona hii ndio kiungo chenyewe. Vipimo vya mafuta ya damu vya ami vilitoka, karatasi ikatiwa bahasha, bahasha ikatiwa ndani ya daftari la hospitali, na daftari likatiwa kwenye sanduku na hati za nyumba kwa sababu ami ni mtu wa kutunza. Miezi minane. Nliikuta siku tunavuka kwenda Mokowe, upepo ulikuwa mkali nikafungua daftari kulishikilia lisilowe, bahasha ikachomoza. Kolesteroli mbaya, ile LDL, ilikuwa 4.6, na pembeni maabara wameweka alama ya kupanda juu. Maabara walifanya kazi yao. Daktari aloagiza alifanya kazi yake. Ami alifanya kazi yake, alitunza. Aliyekosekana ni mtu wa kusema "yale majibu vipi?"

Hapa kwetu mtu huyo anaweza kuwa nani? Kuna wahudumu wa afya ya jamii, CHP, wale ambao serikali 2023 iliwapa mikoba, zaidi ya 100,000 nchi nzima, na ndani ya mkoba mna mashine ya presha na ya sukari. Wa mtaani kwetu ni mama mtu mzima, anatujua sote tangu matumboni. Anapima nyumbani, anaandika kwenye simu, anajua nani hakurudi kliniki. Uzuri wake hakuna kupanda boti wala kukaa benchi, na ami mikono anaikunja mbele ya mtu wa nyumbani.

Lakini tusimtwike asichoweza. Ana nyumba kama 100, hakuandaliwa kwa soriasisi, na dawa haandiki. Na kuna la siri. Ami alipoambiwa mara ya kwanza alikataa katakata, "Mwanangu, Langoni hii kuta zinagusana, nikikohoa mimi anaitikia wa pili, presha yangu itakuwa habari ya baraza." Alikuwa na haki. Mtu ambaye ameishi miaka 20 akifichwa ficha na kuchekwa kwa ngozi hawezi kufurahia mgeni na mkoba mlangoni. Tukakubaliana aje baada ya isha, bila mkoba, mashine ndani ya mtandio, na yaloandikwa tuyasome sisi watatu tu. Yule mama alikubali bila kuona taabu, na ni yeye alomwambia ami neno ambalo daktari hakumwambia, "Hii ngozi yako haiambukizi, nishafundishwa, nipe mkono."

Kama huna CHP unayemuamini, sista wa kliniki ya presha na sukari anafaa, mwenye duka la dawa mwaminifu anafaa kwa kupima tu, na mtoto wa nyumbani anayejua kusoma majibu anafaa pia. Ila awe MMOJA na ajue kwamba ni yeye. Familia kubwa kila mtu anadhani mwengine ameuliza.

Wewe mwenyewe na daftari

Hii sitakaa nayo sana. Kwa kijana mwenye vibato viwili vitatu kwenye viwiko na magoti, hana dawa za kumeza, anasoma na simu anayo, inatosha. Presha apime, sukari apime, mafuta ya damu ayapime angalau ajue anaanzia wapi, aandike tarehe na namba, na popote anapokwenda aanze kwa kusema "nna soriasisi." Hailipiwi, haina siri ya kutoka nje. Lakini ina shimo moja, siku ukizidiwa, ukichoka, au ukiingiwa na huzuni, na soriasisi inaleta huzuni nyingi kuliko watu wanavodhani, hakuna atakayegundua kwamba daftari limesimama. Kwa mtu wa zaidi ya miaka 40 au mwenye dawa nzito mimi simshauri akae nayo peke yake.

Tukiziweka ubavu kwa ubavu

Kwa safari, ya kwanza ndio ndefu na ya nne haina safari. Kwa usalama wa dawa, ya kwanza ndio bora maana mtu mmoja anaona zote, ya pili inaikaribia kama barua ipo na ikikosekana barua ndio ya hatari kuliko zote, ya tatu haigusi dawa ila mtu akiwa macho anaweza kusema "sista, huyu ana methotreksati." Kwa kushusha presha yenyewe, ile kazi ya kurudi na kurudi, ya pili inashinda mbali. Kwa lile swali langu la nani atapiga simu, ni ya tatu peke yake yenye jibu.

Kwa hivo mimi ningegawa hivi. Uko Lamu kisiwani, Pate, Faza, Kiunga, una soriasisi ya kati na kuendelea: chukua ya pili na uifunge na ya tatu, daktari wa ngozi mara mbili kwa mwaka na barua kila safari, presha kwa wa karibu, na mtu mmoja wa kukufuatilia. Uko Malindi mjini na umeanzishwa methotreksati au sikilosporini: kaa na ya kwanza mpaka dawa itulie, damu zote zitolewe pamoja, halafu presha ihamishiwe karibu. Kijana, kidogo tu kwenye viwiko: daftari, lakini uvute mtu mmoja ajue. Mama mjamzito au anayetaka kuzaa, methotreksati na asitretini hazifai kabisa, hapo mkunga na daktari wa ngozi lazima wajue habari za mwenzake kabla ya kitu chochote. Na kifua kikibana, jasho baridi, mkono wa kushoto au taya kuuma, hiyo haina njia nne, ni kwenda hospitali saa hiyo hiyo hata kama ni usiku.

Kuna mambo ambayo njia yoyote utakayoishika hayakuepuki. Sigara inaharibu ngozi na moyo kwa pamoja. Miraa inapandisha presha na mapigo, na anayetafuna jioni akapimwa usiku mwambie mpimaji ukweli, tena miraa inakuja na soda na sigara. Uzito ukipungua hata soriasisi yenyewe inapungua na dawa zinashika vizuri zaidi. Chumvi WHO wanasema chini ya gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja kidogo cha chai, na ukihesabu achari, samaki mkavu na viazi vya karai kile kijiko kimeshapita kabla ya chakula cha usiku. Kwa ami tulianza na samaki mkavu kulowekwa maji mara mbili, hatukumnyima. Mwezi wa Ramadhani muulizeni daktari kabla haujaingia jinsi ya kuhamishia dawa kwenye futari na daku, si kuacha.

Ami sasa hivi amlodipini anameza asubuhi, atorvastatini usiku, methotreksati Jumanne baada ya isha na mkewe ndiye anayemhesabia vidonge. Mara ya mwisho presha ilikuwa 134 kwa 82. Damu ya kuangalia mafuta ilitolewa Jumatatu iliyopita, na jana yule mama wa mtaani akapita mlangoni na ndoo yake ya maji, hakuingia, akauliza tu kwa sauti ya chini, "Majibu yametoka?" Nkamwambia bado, Alhamisi. Akasema Alhamisi atapita.